Upindo wa Sare ya Kijani

Jumatatu, 3 Juni

Mtoto kazaliwa! Wa kike. Huko ng'ambo, kwa binti yangu wa mwisho, ambaye sijamtia machoni mwaka wa tisa huu. Mabibi wote wawili tumeitwa. Mimi, na Bi Tarumbeta, mama wa mkwe wangu. Huyo akikunong'oneza, jirani wa tatu anaitikia. Viza zetu zinaanza siku moja, Jumatano ya wiki ijayo. Kila mtu achague shirika lake la ndege. Bi Tarumbeta keshatangaza mtaa mzima kwamba yeye ndiye atakayempakata mtoto kwanza, na kumfunika shali yake ya dukani. Ya dukani! Yangu nimeishona kwa mkono, miezi minne, macho yananitoka machozi. Mtoto ataanza na yangu. Thubutu yake.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa mkata tiketi na mjukuu wangu mkubwa, binti wa mwanangu wa kwanza, anayejiona kasoma. Mezani pana ndege ya mfano, imepasuliwa ubavu ili uone ndani. Mama yangu! Viti juu, viti chini, kama nyumba ya ghorofa. Mkata tiketi akasema inabeba watu mia tano na mizigo yao. Nikamuuliza inashikiliwa na nini huko juu. Akasema hewa. Nimeshona miaka arobaini, sijaona hewa ikishikilia hata kifungo. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka mjukuu akanivuta kanga.

Mashirika ni mawili, la sare nyekundu na la sare ya kijani. Mjukuu akasema tutazame saa za safari. Nikamwambia anyamaze. Saa kila mtu anaandika atakazo. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini mtu namsoma kwenye upindo wa nguo yake. Mwenye upindo mbovu ana jambo analificha. Nitakwenda kuwakagua.

Alhamisi, 6 Juni

Uwanja wa ndege. Nimejibanza penye mlango wanakotokea wahudumu. Wa nyekundu wakapita kwanza, wameharakisha kama wanafukuzwa. Mmoja upindo wa sketi umefumuka, kaushikiza kwa pini! Pini, na anapanda mbinguni! Kisha wa kijani. Taratibu. Kwenye pindo zao sikuona uzi. Nikainama nikafunua kidogo nihakikishe. Umepindwa kwa mkono, ncha ya sindano imegusa nyuzi mojamoja. Yule binti akapiga yowe.

Mlinzi akaja juu, akauliza bibi mzima natafuta nini chini ya sketi za watu. Nikamwambia kwanza shati lake halina kifungo cha tatu, na tumbo linapiga chabo. Akanywea. Nikakishona palepale, sindano haikosi kwenye kanga yangu. Akanilainikia, akanipeleka penye uzio nitazame ndege zikiruka.

Ewe Mola. Lile dude limekimbia, likanguruma hadi meno yakacheza, halafu likaacha ardhi kama mtu anayeinuka kitini. Nililia. Mlinzi akaniambia kila bibi hulia.

Jumamosi, 8 Juni

Nimechukua ya kijani. Mkata tiketi akaanza kunieleza habari za kuunganisha ndege. Nikamwambia sikuja kusikiliza hotuba. Mjukuu akaomba aisome tiketi. Nimeifungia kwenye droo ya cherehani.

Jioni Bi Tarumbeta akaja kunichungulia, eti kapita tu. Nikaisifu nyekundu kama mwari. Nikamwambia wahudumu wake wepesi mno. Hata kikombe hakumaliza, huyooo kwa mkata tiketi. Pini imfikishe!

Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa juu ya mawingu. Juu! Yametandazwa kama pamba kabla hujalijaza godoro. Mto mkubwa chini umekuwa kipande cha uzi. Nimeweka paji la uso kwenye kidirisha, mhudumu kaniletea chai mara mbili sijageuka. Nilidhani hapa nitaogopa. Nimejiona mdogo tu, na sikuchukia.

Baadaye. Tumetua! Nikabeba shali yangu, nikawaaga abiria wenzangu, nikamwombea rubani. Mhudumu akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia kwa binti yangu. Akasoma tiketi, akaniambia kwa upole bado ndege mbili, na kusubiri mara mbili. Nitafika Ijumaa.

Nikamuuliza, na nyekundu? Akasema nyekundu huenda moja kwa moja. Mwendo wa saa kumi na moja tu.

Nimekaa chini.

Alhamisi, 13 Juni

Uwanja wa pili. Ukuta wote kioo, na sakafu inatembea yenyewe! Nimeipanda mara sita. Mara ya saba sikuwa na hamu. Saa hizi mtoto yuko mikononi mwa Bi Tarumbeta, na shali ya dukani shingoni. Miaka tisa nimengoja, nimejichelewesha kwa mkono wangu. Nimeitoa shali yangu nikaikunja upya, sina la kuifanyia.

Wakapita wahudumu wa shirika la tatu, sare ya buluu. Nikaomba ruhusa safari hii. Uzi wa hariri! Nimeandika jina la shirika hapa nyuma ya daftari.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefika. Bi Tarumbeta kafungua mlango, mtoto mkononi, akanikaribisha kwa sauti ya kuvunja vyombo: karibu, bibi wa pili! Akaongeza kwamba mtoto keshamzoea, na ile nyekundu niliyomsifia ilikuwa nzuri kweli, ahsante sana.

Binti yangu akanikumbatia asiniachie. Kakonda. Ana mvi mbili. Kisha akamchukua mtoto kwa mama mkwe wake, akaniwekea mapajani.

Mimi! Nikamtazama sikio. Nimeshona mashati, magauni ya harusi, suti za mawaziri. Sijapata kuona upindo kama wa sikio lile. Umekunjwa mwembamba, umerudi ndani, hauna mwanzo wala mwisho. Nani kashona hivi? Nilimfunika shali yangu. Akapiga chafya, akalala. Hata Bi Tarumbeta alinong'ona.

Jumapili, 16 Juni

Kumbe tunarudi nyumbani siku moja pia, mimi na yeye. Atakayetangulia ndiye atakayeusimulia mtaa habari za mtoto. Bi Tarumbeta keshakata nyekundu. Mjukuu kanipigia simu kunisihi nami nipande hiyohiyo. Binti yangu naye kanisihi. Hata mkwe wangu, ambaye huwa hasemi.

Nimewacheka. Nyekundu, yenye pini? Nimeshachukua ile ya buluu. Inatua mahali panne tu, na uzi ni wa hariri.

Mtaa utanisikia mimi kwanza.