Nimekadiriwa Sifuri

Jumatatu, 13 Januari 2025

Mbalamwezi. Mitumbwi imelala mchangani, dagaa hawavuliki, nasi wenye mikokoteni hapa Kibirizi tunatazamana tu. Mgongo umeshukuru. Mfuko hapana.

Asubuhi kaja ofisa wa kodi, dada mmoja aitwaye Catherine, kutuelimisha sisi tuliojiajiri. Watu wakauliza. Asiye na duka analipa? Mauzo yakifika kiwango, analipa. Kusukuma mizigo ni biashara? Ni biashara. Kodi inakadiriwa kwa faida au mauzo? Kwa wadogo kama sisi, mauzo ya mwaka mzima. Mimi niliuliza kama maumivu ya mgongo yanapunguzwa humo. Hayapunguzwi.

Kisha Alphonce akasimama. Huyu ana mikokoteni miwili na miwani ya jua. Akatangaza kwamba yeye ameshakadiriwa: laki moja. Alitamka polepole, kama mtu anayetaja ukoo wake. Mzee Dismasi akatikisa kichwa kwa heshima, na hapo ndipo nilipoumia. Mzee Dismasi ni baba mkubwa wa Winfrida, mkaanga samaki aina ya migebuka, ambaye namposa tangu Novemba. Jibu la mzee ni lilelile: mimi mtu wa kuja, nimeshuka na treni kutoka Iramba, hata serikali hainijui. Alphonce naye anamtaka Winfrida. Na Alphonce anajulikana.

Nimeamua. Nitakadiriwa na mimi. Zaidi yake.

Jumatano, 15 Januari

Shati la kanisani. Nimekwenda mjini kwa miguu. Namba ya mlipakodi wananipa bure; nimeikariri yote kabla sijafika kwenye kiti.

Catherine akauliza napata wastani gani kwa siku. Nilipanga kutia chumvi. Lakini alinitazama kama yule sista aliyenifundisha kabla sijaacha shule, ukweli ukanitoka. Nikamtajia na siku za mbalamwezi, na za mvua, na za kuumwa. Akapiga hesabu. Akatabasamu. Akasema mauzo yangu hayafiki kiwango, kodi yangu ni sifuri, hongera kaka.

Sifuri. Miaka sita nimesukuma nusu ya Kibirizi. Nikamwomba atazame tena, pengine kuna kitu kimebaki chini. Akasema wenzangu wanakuja kulia wapunguziwe, mimi nalia niongezewe? Mtu akacheka nyuma yangu kwenye foleni. Nakijua kicheko kile. Alphonce, amekuja kulipa awamu yake mapema.

Alhamisi, 16 Januari

Jina langu Bonaventura limekufa. Tangu alfajiri salamu ni "Mwakeye, Sifuri," na "Sifuri, sogeza gari lako." Hata wanawake wa dagaa. Mzee Dismasi kaniambia bila kupepesa macho kwamba alidhani serikali hainijui. Kumbe imenijua, imenitazama vizuri, ikaona hakuna kitu.

Winfrida kanipa kichwa cha mgebuka bila malipo. Anasema sifuri ni neema, mwenye sifuri anabakiwa na hela ya kununua bati. Ana moyo mzuri. Heshima ya mwanaume haielewi.

Ijumaa, 17 Januari

Nilikuwa najipunja. Nimejumlisha kila kilichopita juu ya mkokoteni wangu mwaka jana: viroba vya dagaa, saruji ya Kongo, magodoro, jeneza moja. Nimempelekea Catherine. Akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba mauzo yangu ni ujira ninaolipwa, si mali ya watu.

Nikageuza njia. Nikasema nina mikokoteni mingine mitatu, iko Katonga, juzi niliisahau. Akauliza mtu anasahauje mikokoteni mitatu. Nikamjibu mwenye vitu vingi husahau. Akaniuliza tena kama nina uhakika, kwa kuwa anaandika kwa kauli yangu. Nikasema aandike. Akaandika, akanionya nikiona nimekosea nirudi mapema kurekebisha. Kumbukumbu za mauzo sina, kwa hiyo laki mbili na nusu, awamu nne. Ya kwanza mwisho wa Machi. Machi ni mbali.

Nimeshuka zile ngazi kama bwana harusi.

Jumamosi, 18 Januari

Karatasi nimeitia kwenye nailoni, nimeifunga mbele ya mkokoteni, pale magari yanapowekwa taa. Alphonce kaisoma mara mbili, midomo inatembea. Hakusema Sifuri. Nimempigia kaka yangu Elia kule Iramba. Amefurahi sana, na ameniagiza mbolea.

Mzee Dismasi kavaa miwani, kasoma, kasimama. Kwa mara ya kwanza ameniita mkwe. Akanikalisha. Akasema mahari tuliyozungumza, mbuzi wawili na blanketi, ilikuwa ya mtu mdogo. Mwenye mikokoteni minne akileta mbuzi, watu watasema ukoo wa Dismasi umeibiwa. Sasa ni ng'ombe watano.

Nilimshukuru. Hajawahi mtu kuniomba ng'ombe.

Jumapili, 19 Januari

Winfrida kanisubiri nje baada ya misa. Hakucheka. Anasema alikuwa ameshamlainisha mzee kwa habari ya mbuzi wawili, ilibaki kuitana tu. Anasema yeye ananitaka hivihivi na sifuri yangu. Alphonce wa laki moja ametajiwa mbuzi watatu, na anao, wanakula majani nyuma ya nyumba yake. Mzee anampokea Jumamosi ijayo kama mimi sitaonekana na chochote. Kwa hiyo kesho asubuhi niende kwa Catherine nikaseme ukweli, nirekebishe makadirio, halafu nije na mbuzi wangu.

Mbuzi watatu. Mwanaume mzima, na miwani ya jua. Nimemhurumia Alphonce kutoka moyoni.

Nimemwahidi Winfrida kwamba kesho nitakuwa wa kwanza mlangoni kwa Catherine, na kwamba nitarekebisha. Akanishika mkono mbele za watu. Na kweli naenda. Juu ya laki mbili na nusu lipo daraja jingine, nililiona kwenye karatasi ya ukutani. Mzee akinitajia ng'ombe kumi, Alphonce na mbuzi wake watajificha wapi?