Tundu la Sindano Lililowameza Wagika

Jumatatu, 6 Julai 1953
Kagongwa. Lenzi imekufa! Nimeisugua kwa majivu, kama mke wangu Justa anavyosugua sufuria. Sufuria hung'aa. Lenzi imekuwa nyeupe kama maziwa ya mgando. Justa amecheka mpaka akakaa chini. Na Jumapili nina kazi ya Mzee Ngassa, manju anayeongoza chama cha ngoma cha Wagalu: kupiga picha ngoma yake ikishindana na ya mahasimu wao, Wagika. Ameshasema picha ikikosekana, kamera anaichukua yeye. Kamera yenyewe, ile kubwa ya miguu mitatu, ndiyo shamba langu na ndiyo ng'ombe wangu.

Jumatano, 8 Julai
Akili ni nywele, na zangu ni nyingi! Nimekata bati la kopo la sigara, nikalitoboa kwa ncha ya sindano, nikalipaka masizi. Nikaing'oa lenzi kwenye kilango cha kamera, kile kinachofungulia mwanga na kuufungia, nikabandika bati mahali pake kwa nta ya nyuki. Mbuzi wa jirani alikuwa amelala: katoka mzima, hadi ndevu! Ila mwanga unaingia kwa kujivuta. Kilango lazima kibaki wazi fungu zima la rozari, Salamu Maria kumi. Anayetikisika hatoki.

Valerian, mpiga picha wa Kahama mwenye lenzi mpya na kiburi cha zamani, kapita akauliza kama napiga picha au nasali. Vyote viwili, mjinga wewe! Sikumwambia.

Jumapili, 12 Julai
Aibu! Ngoma mbili zimeanza pamoja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wagalu walikuwa wanashinda. Nikawaamuru wasimame, hata kope zisicheze. Wakasimama. Salamu Maria ya kwanza, watu wakaanza kuwakimbia. Ya tano, uwanja wote umehamia kwa Wagika, nyuma ya Wagalu, wanaruka na kupiga vigelegele. Ya kumi, Wagalu wameshindwa. Valerian muda wote anapita mbele ya kamera, huku na huku, anacheka. Mzee Ngassa kasema nimemuulia ngoma na kesho anakuja kuchukua kamera. Ugali umenishinda. Naogopa kweli.

Jumatatu, 13 Julai
USHINDI! Nimesafisha picha. Wagalu wote wamo, wazi, hadi shanga zinahesabika. Wagika? Hakuna! Umati? Hakuna! Vumbi tu. Valerian naye hayumo, hata kofia. Raha iliyoje!

Mzee Ngassa kafika na wanaume wawili wa kubeba kamera. Nikamwamkia shikamoo, nikampa picha. Kaitazama mbele, kaigeuza nyuma. Kauliza Wagika wako wapi. Nikamjibu, mzee wangu, kwani wewe unawaona? Kacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Wabeja, wabeja! Akanishukuru hivyo kwa Kisukuma. Tangu hapo anaizungusha sokoni, anauliza ni nani hao waliomshinda, mbona hawapo. Kamera ni yangu!

Jumanne, 14 Julai
Asubuhi kaja Nkwabi, manju wa Wagika, mpole kama mkwe. Anataka dawa ileile: Jumapili ijayo Wagalu watoweke. Nimekubali. Mchana Mzee Ngassa naye katuma mtu: Jumapili hiyohiyo, Wagika watoweke tena. Nimekubali! Wote nimewapa sharti moja: simameni kimya kabisa, wenzenu watapotea. Justa kauliza, je, wakisimama wote? Nimemwambia ufundi wa kamera hauujui, aniletee chai.