Nimemuua Mzee Lohay, Msiba Umekuja Kwetu

Leo nimejiaibisha mpaka kuku wa kwetu wananikwepa.

Ngojeni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia ya Mama Tumaini, jirani yetu, maana ya kwake yana watu wengi zaidi.

Asubuhi baba yangu na mjomba Safari, ambaye ndiye mshenga wangu, waliondoka na barua ya posa kwenda Ganako, kwa kina Paulina. Mimi nikabaki nyumbani. Muoaji hafuatani na barua yake, anasubiri. Kusubiri gani sasa! Nilifagia uwanja mara tatu. Nikapanga kuni. Nikazipangua. Nikaangalia simu mara elfu moja (mia tisa hivi, tusiongeze chumvi).

Mwisho nikasema bora niandike.

Wengi mnajua mimi ni mgonjwa wa ile hadithi ya mtandaoni ya ukoo wa Mzee Lohay. Sisi mashabiki tuna kundi letu, na wiki hii kila mmoja anaandika kipande chake. Mimi nimeangukiwa na kifo cha Mzee Lohay mwenyewe! Kiongozi wa kundi, mwalimu mstaafu, alishatupa mbinu. Usiandike "alihuzunika sana", onyesha anafanya nini. Mpe mhusika kitu cha mkononi. Na ukikwama, inuka uigize kwanza, mwili utaiambia kalamu.

Mimi nimesoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti. Nikifundishwa kitu, nakifanya chote.

Nikalaza mito miwili kwenye kitanda cha baba. Nikaifunika blanketi gubigubi. Juu nikaweka kofia yake (si tumeambiwa kitu cha mkononi?). Nikapiga magoti, nikaanza. "Baba! Unaniacha na nani, baba!" Mara ya kwanza haikunigusa. Nikaongeza sauti. Mara ya nne, jamani, machozi yakaja yenyewe! Nikarukia daftari, sentensi zinashuka kama mvua ya Oldeani.

Kumbe Mama Tumaini alikuja kuazima ungo. Akachungulia dirishani. Akaona blanketi, akaona kofia, akaniona mimi. Akaondoka bila hodi.

Nusu saa baadaye natoka nje, wanawake sita wameshawasha moto. Mmoja ana debe la mahindi. Wanaume wanashusha viti, turubai linafungwa.

"Mama Tumaini, kuna nini?"

"Pole, mwanangu. Tumekuja."

"Baba hajafa! Ameenda Ganako!"

Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Mshikeni, asije akajiumiza."

"Ile ni mito!"

"Ndiyo, mwanangu, ni mito. Kaa chini unywe maji."

Wakanishika wawili, mmoja huku, mmoja kule. Nikawaomba waende tu wakafunue. Nani afunue? Mzee mmoja akasema maiti haifunuliwi ovyo, wasubiriwe wakubwa wa ukoo.

Simu ikalia. Baba! Nikaweka sauti ya nje, wote wasikie.

"Wewe! Mimi nimekufa lini?"

Wawili walionishika wakaniachia.

"Nimekaa kwa watu, chai mkononi, barua iko mezani haijafunguliwa. Baba yake Paulina anapigiwa simu, anaambiwa mzazi wa muoaji amefariki asubuhi. Ananitazama. Ananitazama tena. Ananiuliza, 'Mwenzangu, kwani wewe ni nani?'"

"Baba, nilikuwa naandika..."

"Barua wamenirudishia! Wanasema nyumba iliyotangaza msiba haileti posa siku hiyo, hata kama marehemu anakunywa chai."

"Sauti kweli kama ya kwake," Mama Tumaini akanong'ona. Bado alikuwa na mashaka.

Saa nane baba na mjomba wakashuka kwenye bodaboda. Waombolezaji hawajaondoka, makande yalikuwa hayajaiva. Mama mmoja alipiga yowe akamwaga maji yote. Baba akapita akipeana mikono na waliokuja kumlilia, huku akiangalia nani yupo na nani hayupo. Makande yalipoiva akala sahani mbili, za msiba wake mwenyewe.

Mjomba akanivuta pembeni.

"Tumewaeleza ulikuwa unaandika hadithi, tumewaomba sana. Wamekubali turudi Jumapili. Ila na wewe uje."

"Mimi? Muoaji?"

"Mama yake Paulina anataka umsomee hicho kipande. Kisipomliza, anasema hatoi binti kwa mtu aliyekusanya mtaa mzima bure."

Nimefuta ukurasa mara saba. Mzee Lohay anakufa, nikisoma nacheka mwenyewe. Nazunguka meza, nakaa, nasimama. Mwenye mbinu ya kumliza mama mkwe anitumie kabla ya Jumapili. Na wewe unayecheka, cheka, ila ujue mimi nimebakiwa na siku tatu za kujifunza kuandika.