Uvimbe wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimebeba kabati la milango mitatu peke yangu, kutoka ghalani hadi kwenye lori. Bosi ameona! Anatafuta msimamizi wa ghala la samani, na tunaogombea ni wawili: mimi na mpakiaji mwenzangu, Kifua, anayebeba sofa kama mtu abebavyo mto. Kifua ajue wanaume bado wapo.

Jioni, bafuni: uvimbe kwenye kinena, upande wa kulia. Kama yai. Nikikohoa, unatoka. Nikilala chali, unarudi ndani kama kichwa cha kobe. Nimetoka bafuni na sabuni masikioni.

Sijamwambia mtu. Nani atampa usimamizi mtu mwenye yai?

Jumanne, 4 Machi
Mtoto wa jirani ana ngiri ya kitovu. Mama yake kaambiwa kliniki asihofu, nyingi za watoto hujifunga zenyewe. Raha iliyoje! Ngiri ni ngiri. Yangu nayo itajifunga. Kwamba nina miaka arobaini na kitu ni jambo dogo.

Hata hivyo, nimejikaza tumbo kwa mkanda wa kufungia mizigo. Siwezi kuinama. Siwezi kucheka. Kifua kauliza mbona natembea kama bwana harusi. Nikamwambia ni heshima ya kazi.

Mke wangu kanikuta nikifungua mkanda. Akasema mficha maradhi, kilio humfichua. Nikamjibu kilio nacho nitakificha. Hakucheka. Kanishika mkono, akasema mjomba wake naye alinyamaza hivi hivi, wakaja kumzika. Nikaahidi kwenda kwa daktari. Sikuahidi kwenda kama mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda hospitali kuulizia uvimbe wa shemeji yangu. Daktari ni mama mpole mwenye macho makali. Akasema ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni kujipenyeza pale ukuta wa tumbo ulipolegea, na jina hutokana na pale inapochungulia. Ya kinena ndiyo ya wanaume wengi. Ya paja hutokea chini kidogo ya hapo, zaidi kwa wanawake, na utumbo wake hunaswa upesi. Ya mshono hupitia kovu la upasuaji wa zamani. Iko hata isiyoonekana: tumbo la chakula hupanda kifuani, mgonjwa akasumbuliwa na kiungulia. Ya kitovu kwa mtoto husubiriwa. Mtu mzima, ngiri yake haijifungi.

Nikauliza shemeji achague ipi.

Akasema hapa hakuna kuchagua. Na uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu, ukauma, akatapika, aletwe mbio: utumbo ulionaswa hukosa damu, ukaoza. Kisha akanitazama nilivyokaa upande upande, akasema basi shemeji apande kitandani. Nikasema shemeji yuko safarini. Nikatoka mbio, mbio za mtu aliyefungwa mkanda.

Alhamisi, 6 Machi
Sijala. Kila nikimeza nasikiliza kinena. Lakini kesho bosi atatutazama tukipakia, na mpango ninao: Kifua abebe, mimi nielekeze kwa kidole. Kiongozi ni kidole!

Jumapili, 9 Machi
Naandika wodini.

Ijumaa Kifua alisema mbele ya bosi kwamba kitanda kile kizito tushike wote wawili. Ningekataaje? Tulipofika katikati, kitu kikachomoka. Nikajilaza chali juu ya magodoro, nikasukuma. Jiwe! Nikatapika ndani ya droo ya meza mpya. Nikamwambia bosi ni chai. Kifua alininyanyua mikononi kama mtoto, akakimbia nami hadi kwenye gari. Njia nzima niliuona uso wa mke wangu tu.

Aliyenipokea ni daktari yule yule. Akauliza huyu ni shemeji au ni mimi. Nikasema ni mimi. Akasema amefurahi kunifahamu.

Ilikuwa ya kinena. Utumbo ulishaanza kuwa mweusi, lakini uliponasuliwa damu ikarudi. Wamenishona na kunitia kiraka cha wavu. Mke wangu hajanigombeza. Amekaa tu, akilia na kunikunjia shuka lile lile mara tatu. Afadhali angenigombeza.

Kifua ndiye msimamizi. Alikuja mwenyewe kuniambia, na aibu usoni, kana kwamba ameniibia. Nikamshukuru kwa kunibeba. Akaondoka, nikageukia ukuta.

Jumatano, 19 Machi
Nyumbani. Daktari kakataza kabisa kubeba kizito hadi atakaponiruhusu. Nimeapa mbele ya mke wangu.

Mama mkwe kahamia kwetu leo, yeye na jokofu lake. Liko chini, sisi tuko ghorofa ya pili. Mke wangu kaenda kutafuta wapagazi. Mama mkwe kakaa ngazini, anapunga kanga, anasema marehemu mumewe asingengoja wapagazi.

Nimejikagua chumbani. Kovu liko kulia. Kushoto ni kuzima kabisa, hakujawahi kuguswa.

Nitalibeba kwa kushoto.