Damu ya Kuazima

Jumatatu, 12 Januari
Dokta Sitara wa Upanga ameagiza kipimo cha damu. Anasema neva zikiumia huvujisha protini, kidogo sana, na huonekana kwenye damu. Namba ikishuka, dawa yangu ya MS, huu ugonjwa wa neva, inafanya kazi. Ikipanda, kinga ya mwili bado inazitafuna neva, kama panya na waya, na dawa itabadilishwa. Ajabu kweli. Nimeuza spea za magari mtaa wa Gerezani miaka kumi na tisa, sijaona geji ya namna hiyo. Nimemuuliza maswali mpaka akatazama saa. Mwezi wa tano namba ilikuwa ishirini na moja. Sasa je? Juzi mguu wa kushoto uliburuta. Naogopa.

Jumanne, 13 Januari
Nimepata akili. Gari likienda kukaguliwa, sisi Gerezani tunaliazimia matairi ya jirani. Likishapita, matairi yanarudi kwa mwenyewe. Mdogo wangu Saif ana miaka ishirini na sita, hata mafua hayamjui. Tunafanana pua. Nimemwomba aende maabara na kadi yangu. Akasema, kaka, huu ni ujinga. Nikamwahidi glavu mpya. Akakubali. Hupigana ndondi kila Jumamosi, mwili chuma.

Alhamisi, 15 Januari
Saif ametoa damu. Analalamika sindano inauma. Bondia mzima! Jicho lake bado limevimba, mtu wa maabara akampa pole ya ugonjwa. Mambo safi.

Jumatano, 21 Januari
Hamsini na nane! Dokta alikuwa ameshashika kalamu, aniandikie dawa ya dripu. Akauliza kama nimegonga kichwa. Nikasema hapana. Nilitaka kunyamaza kabisa. Halafu nikawaza: naachishwa dawa yangu kwa damu ya mtu mwingine. Nikakiri. Aliweka kalamu chini polepole, akauliza Saif anafanya shughuli gani. Ndondi, nikasema. Kumbe kichwa kikipigwa, neva huvujisha protini ileile! Nikauliza ngumi moja inapandisha namba kiasi gani. Amesema niende maabara leo hii, na mkono wangu mwenyewe. Saif naye asipande ulingoni mpaka dokta amwone kwanza. Hilo limeniuma. Ningejuaje?

Jumanne, 27 Januari
Kumi na moja. Nimeomba anisomee mara mbili. Dawa inafanya kazi! Nimelia mbele ya daktari na sioni aibu. Akasema anatumaini nimejifunza. Nikamwambia, sana.

Ila mwezi ujao kuna picha ya kichwa, ndani ya lile limashine la duara. Huko wanaona makovu yenyewe. Je, yakiwa yameongezeka? Saif hafai tena. Nimemwangalia vizuri Hafidhi, muuza rejeta wa duka la pili. Mtu mpole, hajawahi kupigana, na umri wetu mmoja. Jioni nimempelekea chai na vitumbua viwili.