Mfuniko Juu ya Goli

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu mkuu kaniita ofisini. Nikadhani ni yale mafaili niliyoyalowesha, mimi karani wake. Kumbe anatafuta kocha wa mpira wa kikapu, timu ya pili ya watoto. Ya kwanza anayo mwalimu wa hisabati. Kasikia ujanani nilikuwa mchezaji hatari. Aliyemwambia ni binti yangu Kijiti, wa darasa la nne. Aliyemwambia Kijiti ni mimi. Mpira wenyewe sijawahi kuugusa. Nimekubali. Mechi Ijumaa, dhidi ya hiyo timu ya kwanza.

Jumanne, 4 Juni
Mwalimu wa hisabati kanishauri, kwa lile tabasamu lake, nianze na ribaundi: mpira ukikosa goli, watoto waudake kabla ya wapinzani. Rahisi. Nikatupa ili nikose. Ukaingia. Nikatupa tena. Ukaingia. Mara tatu! Watoto wakashangilia, lakini hakuna aliyedaka chochote.

Jumatano, 5 Juni
Dawa imepatikana. Nimeazima kwa mpishi wa shule mfuniko wa sufuria kubwa, nikapanda ngazi, nikaufunga kwa waya juu ya goli. Sasa kila mpira unarudi. Nikawapanga wawili wawili: mpe mwenzako mgongo, mzibe njia, ruka, daka kwa mikono miwili, ushushe kidevuni. (Nilisoma kwenye simu, chooni.) Kijiti, mdogo kuliko wote, anaziba watu kama mlango wa chuma. Machozi yalinilenga. Nikasingizia vumbi.

Alhamisi, 6 Juni
Mpishi anataka mfuniko wake. Nimemwomba siku moja tu. Mke wangu kauliza nitamdanganya mtoto hadi lini. Nikamjibu, hadi Ijumaa jioni.

Ijumaa, 7 Juni
Uwanja una goli moja, na waya niliukaza kupita kiasi. Nikapanda ngazi mbele ya wazazi wote. Haukufunguka. Mwalimu wa hisabati akasema kwa sauti kwamba hii ni hujuma. Mwalimu mkuu akatazama mawingu, akaamua mechi ichezwe hivyo hivyo: kila mpira utakaodakwa, alama moja.

Thelathini na moja kwa tisa. Sisi ndio thelathini na moja! Wapinzani walitupa vizuri sana, wakabaki kusikiliza mfuniko ukilia.

Njiani kurudi nyumbani nikakusanya ujasiri nimwambie Kijiti ukweli. Akaniwahi.

“Baba, najua hukuwahi kucheza. Mama aliniambia zamani.”

Nikauliza kwa nini basi alinisifu kwa mwalimu mkuu.

“Nilitaka uwe unakuja uwanjani.”

Nikashusha pumzi ya wiki nzima. Usiku huu nitalala kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 8 Juni
Wiki ijayo tunajifunza kufunga. Nimemwita fundi wa kuchomelea aukate ule waya, kisha alipanue goli, kidogo tu, mtu asigundue. Kasema kazi hiyo inahitaji msaidizi mzoefu. Nimemtoa wasiwasi. Nimemwambia ujanani nilichomelea sana.