Makoti Yamepauka

Jumatatu, tarehe 4

Shangazi kasafiri. Binti yake kajifungua, kwa hiyo duka la dobi tumeachiwa sisi wawili, mimi na Mkunjo. Mkunjo ni mpiga pasi. Jina lake la kweli analo ila halitumiki, maana anavyojisifia mikunjo ya suruali utadhani miguu iliyomo ni yake. Mimi ananiita Bubu. Mimi si bubu. Sina la kumwambia tu.

Kabla hajaondoka, Shangazi alitusimamisha mlangoni mwa stoo. Baridi imeisha, wateja wameleta makoti yao ya ngozi yakae hapa mpaka baridi irudi. Akasema tuyafute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, yakauke kivulini, yatundikwe kwenye henga pana, kila moja lifunikwe shuka kuukuu, na asubuhi mlango uwe wazi hewa ipite. Basi. Akarudia, basi, msiongeze kitu. Alisema hivyo huku ananiangalia mimi. Sijui kwa nini.

Halafu likaja jambo lenyewe. Akirudi atachagua mmoja wetu ashike ufunguo wa stoo moja kwa moja. Kwa sasa nimeachiwa mimi, wa majaribio. Na atakayeharibu kitu anarudi kwao. Kwao Mkunjo ni nyumba ya pili kutoka hapa. Kwetu ni kwenye mashine ya kusaga ya baba wa kambo, unga puani kutwa, na yeye ana kelele kuliko mashine.

Stoo naitaka! Mle hakuna wateja. Nguo zinaning'inia zimenyamaza, haziulizi habari za asubuhi. Kaunta mimi maneno hunikwama. Juzi mama mmoja aliniuliza kama gauni lake liko tayari, nikamjibu ahsante.

Makoti nimeyafuta. Nimetundika. Nimefunika. Kabla ya chakula cha mchana kazi imekwisha. Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma. Kazi nyepesi hivi, si hata Mkunjo anaiweza?

Jumanne, tarehe 5

Nimepata! Nilikuwa nimekaa najitazama viwiko. Vimepauka. Nikamkumbuka bibi, alikuwa hanitoi nje bila kunipaka mafuta, anasema mtoto aliyepauka anamwaibisha. Sasa koti la ngozi ni nini? Ni ngozi! Nikachungulia chini ya mashuka. Yamepauka yote, maskini. La mteja wetu Dereva wa Lori ndiyo usiseme, lina mipasuko kama kisigino.

Shangazi kasahau kusema, na hilo si kosa lake, ana mjukuu mpya kichwani.

Nimechukua chupa ya mafuta ya kupikia jikoni. Nimepaka makoti moja moja, mgongo, mikono, hata ndani ya mifuko. La Dereva ni kubwa, limekunywa karibu nusu chupa. Yakang'aa! Nilipofika msumari wa mwisho mafuta yakaisha. Hilo la mwisho ni koti jeusi la marehemu mume wa Shangazi. Limekaa hapo miaka, Shangazi analifuta mwenyewe kila msimu. Nililionea huruma, nikalirudishia shuka lake.

Mkunjo alipita akanusa. Akauliza nakaanga nini. Nikaificha chupa. Akaenda kumwambia muuza nyama wa jirani kwamba Bubu anakaanga hewa. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Cheka tu, kaka. Ufunguo tutajua ni wa nani.

Jumatano, tarehe 6

Sisimizi!

Wametoka kwenye tundu la maji, wakapanda ukuta, wakaingia mfuko wa kulia wa koti la Dereva. Wamejipanga vizuri kuliko wateja wetu. Nimepuliza, nimepangusa, nimewaomba. Wanarudi.

Shangazi alisema shuka, sawa. Lakini Shangazi hakuwaona sisimizi. Nimechukua ile mifuko ya nailoni tunayofungia suti, nikavisha makoti, nikakaza chini kwa kamba, nikabandika gundi palipoachia. Hata pumzi haipiti. La marehemu sisimizi hawalitaki, nimeliacha na shuka lake.

Baadaye nikakumbuka kuwa sisimizi waliokuwa ndani wamebaki ndani. Haidhuru. Hawatoki tena kwenda kuwaita wenzao.

Joto leo limezidi. Nimefunga na mlango, harufu isimfikie Mkunjo.

Alhamisi, tarehe 7

Mkunjo kaja kutaka ufunguo. Anasema anahitaji henga. Henga gani? Anazo rundo pale kwenye meza yake! Anataka kuchungulia. Mimi si msemaji lakini macho ninayo, na nilimwona jana akiinama kwenye tundu la kitasa.

Nikamwambia stoo kuna panya. Akauliza mkubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Mikono ikapitiliza kidogo.

Kumbe Mkunjo anaogopa panya! Kapiga pasi siku nzima kasimama juu ya kreti la soda. Suruali ya mwalimu mkuu imetoka na mikunjo miwili kila mguu. Nimekula mchana kwa raha sana.

Ijumaa, tarehe 8

Mkunjo kaja na paka.

Kamwazima kwa muuza nyama. Paka wa muuza nyama si paka wa kawaida, huyo kazaliwa kwenye mafuta na amekulia kwenye mafuta. Nikakataa kufungua. Mkunjo akasema kwa sauti, wateja wanasikia, kwamba kama sifungui basi panya ni mimi. Kaunta nzima ikanigeukia. Nikafungua ili wasiendelee kunitazama.

Paka hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja kwenye koti la Dereva, akachana nailoni, akaanza kulamba kola kafumba macho. Nikamvuta paka. Paka akavuta koti. Bega la kushoto sasa lina michirizi minne.

Mkunjo akamsifu paka wake. Akasema hapana shaka panya alijificha kwenye kola. Ikabidi nikubali.

Alipoondoka nikatazama vizuri. Ndani ya mifuko ya nailoni kunatiririka jasho kama dirisha la bafuni. Na makoti yameota ukungu. La Dereva lina ndevu za kijani shingoni. Mimi mwenyewe bado sijaota.

Jumamosi, tarehe 9

Dawa ya unyevu ni jua. Hilo hata mtoto anajua. Shangazi alisema kivulini, ndiyo, lakini kivuli ndicho kilichotufikisha hapa.

Nimeyaanika yote yaliyoota ukungu juu ya bati la uani, mikono nimeinyoosha ukungu usijifiche kwapani. Kufika adhuhuri ukungu umekauka. Nikafurahi. Nikashika koti la Dereva nilikunje, halikunjiki. Limekuwa kama ubao. Nimelisimamisha chini, likasimama! Peke yake, mikono limeitanua, kama trafiki katikati ya barabara.

Mkunjo akatokea mlangoni. Akalitazama. Akaliamkia, shikamoo mzee. Akangoja jibu.

Nikamwomba asimwambie Shangazi. Nilimwomba kwa maneno kabisa, sentensi mbili nzima. Akasema hatasema kitu, koti lenyewe linaonekana lina mengi ya kusema.

Jumapili, tarehe 10

Duka limefungwa. Nimefikiri kutwa. Hakuna kilichokuja. Naisikia mashine ya kusaga kichwani.

Jumatatu, tarehe 11

Dereva wa Lori kaja leo. Leo! Baridi bado iko mbali. Nikarukia stoo nikajificha katikati ya makoti niliyoyarudisha kutoka juani. Nikamsikia anamwambia Mkunjo kapewa safari ya milimani, anaondoka jioni, huko juu baridi haijui msimu. Mkunjo akamwelekeza stoo kwa adabu zote.

Akasimama mlangoni. Akauliza, wewe dogo, hizo ndala zilizovaliwa na miguu ni za koti gani?

Nikatoka. Nikamletea koti lake nimelikumbatia kama mlango. Akajitahidi kuingia. Aliingia, lakini mikono haikushuka tena. Kasimama katikati ya duka kama mtu aliyewekewa bunduki. Mkunjo kajificha kwenye mvuke wa pasi, mvuke unatikisika.

Dereva hakucheka. Alisema pole pole kwamba lile koti ndilo linalompitisha milimani. Kule kioo cha lori hakifungi vizuri, vidole vikifa ganzi usukani haushikiki, na barabara upande mmoja ni shimo. Akaniuliza sasa atapitaje. Nikataka kusema samahani. Ikatoka ahsante.

Na hapo hapo Shangazi akaingia na begi lake. Alinusa kwanza. Akauliza nani anakaanga. Kisha akamwona Dereva na mikono yake.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniogopesha. Akamsaidia Dereva kutoka kwenye koti, akaingia stoo, akagusa kila koti, hili, hili, hili. Akafika msumari wa mwisho. Akafunua shuka. Koti la marehemu limelala laini, jeusi, kola imetulia.

Akaniuliza hili nimelifanya nini. Nikamwambia sikulifanya kitu, nilifuta tu, mafuta yaliisha. Akasema, mwanangu, ndivyo nilivyokwambia. Nikamjibu ndiyo Shangazi, chupa ilikuwa ndogo. Akatazama dari muda mrefu.

Halafu akalitoa lile koti. Akaliweka usoni kidogo, nadhani alikuwa anakagua harufu ya mafuta. Akampa Dereva. Dereva akakataa, akasema mama, hili siwezi. Shangazi akasema msumari hausikii baridi, vaa mwanangu uende. Limemkaa sawasawa, kama alipimwa. Dereva alishukuru mpaka mlangoni.

Alipotoka, Shangazi aligeukia ukutani akawa ananyoosha henga iliyobaki. Ilikuwa imenyooka tayari. Aliinyoosha sana. Vumbi la ukungu lilimwingia machoni, nikamletea kitambaa. Kwa hiyo mambo yameisha vizuri.

Jumanne, tarehe 12

Hayakuisha vizuri.

Ufunguo kapewa Mkunjo! Kautundika shingoni kwa kamba nyekundu na anatembea kifua mbele ili ugonge kifungo cha shati. Mimi Shangazi alikuwa ameshaazimia kunirudisha kwenye mashine ya kusaga. Akasema ameniangalia akamwona kaka yake, marehemu baba, kwa hiyo ananipa nafasi moja. Moja. Nikiongeza kitu tena popote, chochote, nafunga virago. Na kazi yangu sasa ni kaunta. Mbele za watu!

Asubuhi tumefuta ukungu pamoja, mimi na yeye, kwa siki na kitambaa, taratibu. Ananionyesha, mimi naitikia. Mengine yatapona, anasema. La Dereva tumelizika.

Nimetafakari kosa langu kwa moyo mweupe kabisa. Mafuta hayakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa paka.

Mchana kaja mwenye nyumba ya wageni na mito ya manyoya, rundo zima. Wageni hawaji msimu huu, anataka itunzwe. Alipouliza kama tunapokea, nilijibu tunapokea. Sikukosea! Shangazi akapita akasema iwekwe rafuni kama ilivyo, isiguswe. Akaniangalia mimi tena. Ana wasiwasi sana tangu arudi safari.

Lakini nimekaa kaunta, na mbele ya kaunta kuna kuku wa jirani. Nimewatazama mchana kutwa. Haya manyoya si ya kuku? Kuku anatumia sabuni? Hatumii. Anaoga vumbi. Anajichimbia, anajirushia, anajikung'uta, na anatoka anang'aa, hana nondo wa kula nguo, hana ukungu. Sijamwona kuku anayekwenda kwa dobi.

Nyuma ya duka kuna vumbi zuri, laini kama unga. Kesho nawahi kabla Shangazi hajaamka. Mito nitaichana yote kwa pamoja, manyoya yaoge, halafu nashona upya. Mkunjo hataamini macho yake.

Kusiwe na upepo tu.